Jinsi chuo kikuu cha Marekani kinavyoomba kuhamia konferensi nyingine ya michezo

Vijana wetu wengi wa riadha wanasoma Marekani kwa ufadhili wa michezo, na miaka hii wazazi wao wanapata habari inayowachanganya: chuo cha mtoto kimetangaza kuhama konferensi. Konferensi ni umoja wa vyuo unaopanga ratiba, kuendesha mashindano ya ubingwa na kuuza haki za matangazo kwa niaba ya wanachama wake. Kuingia katika umoja mwingine huombwa, na maombi hayo yana utaratibu. Naufuata hapa kama unavyokwenda ndani ya ofisi za chuo, ili mzazi, mwanariadha au mwenzetu aliyeketi kwenye kamati huko ajue la kuuliza na wakati wa kuliuliza.

Hatua ya kwanza: karatasi za unakotoka

Wengi huanza kwa kutazama wanakokwenda, na hapo ndipo gharama hujificha. Wakili wa chuo afungue kwanza katiba ya konferensi ya sasa, atafute mambo matatu: notisi itolewe muda gani kabla, ada ya kujitoa ni kiasi gani, na chuo kilisaini nini kuhusu haki za matangazo.

Hilo la tatu ndilo zito. Katika konferensi kubwa, kila chuo hukabidhi haki za kuonyesha mechi zake za nyumbani kwa miaka kadhaa. Kikiondoka kabla ya muda huo kwisha, timu kinaondoka nayo, lakini haki za kuzionyesha mechi zake zinabaki kilikotoka. Konferensi mpya itauza nini, ikiwa mechi zako za nyumbani ni mali ya wengine? Vyuo vikuu vya Texas na Oklahoma vilikuwa vimefungwa na konferensi ya Big 12 hadi 2025. Ili viingie konferensi ya SEC mwaka mmoja mapema, tarehe 1 Julai 2024, vilikubali kuachia jumla ya dola milioni 100. Katika konferensi ya ACC, haki zilifungwa hadi 2036. Wanachama wake Florida State na Clemson walikwenda mahakamani, na makubaliano ya Machi 2025 yakaweka ngazi inayoshuka ya ada ya kujitoa: katika mwaka wa fedha 2025-26 ni dola milioni 165, kisha inapungua milioni 18 kila mwaka hadi milioni 75 mwaka 2030-31.

Ada iliyoandikwa inaweza kujadiliwa. ACC ilikidai chuo cha Maryland zaidi ya dola milioni 52 kilipohamia konferensi ya Big Ten, na mwaka 2014 wakamalizana kwa milioni 31.4. Lakini bajeti ijengwe juu ya kiasi kilichoandikwa. Punguzo likija, liwe nyongeza.

Hatua ya pili: hesabu kamili

Mkurugenzi wa michezo akileta jedwali la mapato ya televisheni peke yake, kamati ilirudishe. Mwanachama mpya mara nyingi hapati mgao kamili. Vyuo vya Stanford na California (Berkeley) viliingia ACC kwa kuanzia na asilimia 30 ya mgao wa televisheni. Chuo cha SMU kilikubali kukaa miaka tisa bila mgao huo. Oregon na Washington waliingia Big Ten kwa takriban nusu ya wanachopata wakongwe.

Kisha safari. Hapa naomba kamati zitulie, kwa sababu uamuzi hufanywa kwa ajili ya futiboli ya Kimarekani, ilhali mzigo hubebwa na michezo ambayo haiingizi fedha. Timu ya futiboli husafiri mara chache kwa msimu, kwa ndege ya kukodi, na hucheza zaidi Jumamosi. Wasichana wa voliboli au softiboli hucheza mechi nyingi za konferensi, zikiwemo za katikati ya wiki, na kesho yake wana darasa. Kutoka Los Angeles, kiliko chuo cha UCLA, hadi chuo cha Rutgers huko New Jersey, vyote wanachama wa Big Ten, ni karibu kilomita 4,000, na saa zinatofautiana kwa tatu. Kamati itake ratiba ya mfano ya kila mchezo, yenye saa za kuondoka, saa za kurudi na vipindi vitakavyokosekana. Mwanariadha wa mbio ana nafuu kidogo: mbio za nyika na riadha huenda zaidi kwa mashindano ya mwaliko ambayo kocha huyachagua mwenyewe, na konferensi humgusa hasa wakati wa ubingwa.

Safari ikipungua, nayo iandikwe. Chuo cha UTEP cha El Paso, Texas, alikosoma Mtanzania Suleiman Nyambui, mshindi wa medali ya fedha ya mita 5,000 huko Moscow 1980, kiliamua mwaka 2024 kuondoka konferensi ya Conference USA na kuingia ya Mountain West kuanzia 1 Julai 2026. Conference USA imetawanyika hadi Florida na Delaware. Ndani ya Mountain West kimo chuo cha New Mexico, jirani na mpinzani wake wa miaka mingi. Kwangu huo ni uhamaji unaoeleweka hata kabla ya kufungua kitabu cha fedha.

Hatua ya tatu: mwaliko

Kwa desturi barua ya maombi haitangulii. Rais wa chuo na kamishna wa konferensi huzungumza kwanza faraghani, mara nyingi kupitia washauri, na barua huandikwa kura zikiwa zimeshajulikana. Ndiyo maana mambo huonekana kwenda mbio: Texas na Oklahoma walipeleka maombi rasmi SEC tarehe 27 Julai 2021, wanachama 14 wakapiga kura zote za ndiyo tarehe 29. Kanuni ilitaka robo tatu. Mambo hayawi mepesi hivyo kila mara. Stanford, California na SMU walihitaji kura 12 kati ya 15 za ACC, na walisubiri wiki kadhaa hadi kura iliyokuwa imekwama ilipogeuka, 1 Septemba 2023.

Chuo kinachotaka kupanda kutoka FCS, daraja la pili la futiboli, kwenda FBS, daraja la juu, kina kazi ya ziada. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, haipokei maombi yake bila mwaliko halisi wa konferensi ya FBS, na tangu 2023 ada ya maombi ni dola milioni 5. Zamani ilikuwa dola 5,000.

Hatua ya nne: idhini ya bodi

Chuo cha umma kiulize mapema nani ana neno la mwisho. UCLA ilitangaza kwenda Big Ten tarehe 30 Juni 2022, lakini bodi inayosimamia vyuo vya University of California iliidhinisha Desemba 14, tena kwa masharti: itumie fedha zaidi kwa chakula, safari na masomo ya wanamichezo, na ichangie chuo ndugu cha Berkeley, mchango uliokuja kupangwa kuwa dola milioni 10 kwa mwaka. Masharti ya namna hiyo yaombwe na kila bodi, maana baada ya kura hakuna atakayeyakumbuka.

Bodi iangalie pia wanaoachwa. Konferensi ya Pac-12 ilipovunjika mwaka 2023 walibaki wawili, Oregon State na Washington State. Washington State ndiko alikosoma Mkenya Henry Rono, mkimbiaji, alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Jina kubwa halikukipatia chuo chake mwaliko. Kilibaki kikijenga konferensi upya.

Hatua ya tano: notisi na tarehe

Bodi ikipitisha, notisi ya kujitoa hupelekwa kwa maandishi, siku hiyohiyo ikiwezekana, kwa sababu ada nyingi huongezeka notisi ikichelewa. Tarehe ya kuhama huwa kwa kawaida 1 Julai, pamoja na mwaka wa fedha.

Kwa mwanafunzi aliyeko chuoni

Ufadhili wako umetolewa na chuo, hivyo kuhama konferensi hakuufuti. Viza ya F-1, ya mwanafunzi, nayo inafungamana na chuo, haiguswi. Muulize kocha kwa maandishi ratiba mpya itakuwaje, na mshauri wa masomo kama maabara na mitihani yako itagongana na safari. Ukiamua kuhamia chuo kingine, nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla hujaacha masomo, wahamishe rekodi yako ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, kwenda chuo kipya, kisha subiri chuo hicho kikupe fomu mpya ya I-20, inayothibitisha kuwa umepokelewa hapo.