Somo: Kisanduku cheusi cha ndege, hatua kwa hatua

Sisi wa Port Reitz tumezoea ndege zinazotua Uwanja wa Moi hata hatuinui kichwa. Lakini ajali ikitangazwa popote, swali la kwanza barazani ni hilo hilo: kisanduku cheusi kimepatikana? Tukifuate leo, tangu ndani ya ndege hadi mikononi mwa wachunguzi.

Hatua ya 1. Kwa kawaida viko viwili, na vimepakwa rangi ya chungwa kali ili vionekane. Kimoja hunasa sauti za chumba cha marubani: maneno, ving'ora, hata mlio wa swichi. Cha pili hunasa mwendo: kimo, kasi, nguvu za injini, usukani ulivyozungushwa. Hukaa upande wa mkia, maana mara nyingi pua ndiyo inayopiga kwanza.

Hatua ya 2. Vipimo hufika kila sekunde kutoka mabawani na kwenye injini. Kinasa mwendo huhifadhi saa 25 za mwisho, kipya kikifuta cha zamani. Cha sauti kwa miaka mingi kilihifadhi saa 2. Vipya vinafika 25.

Hatua ya 3. Sanduku lenyewe laweza kupondeka. Kinacholindwa ni chipu za kumbukumbu, ndani ya gamba la chuma kigumu lenye tabaka la kuzuia joto. Gamba hilo hujaribiwa kwa kishindo cha mara 3,400 ya nguvu ya mvutano wa dunia, huchomwa kwa nyuzi 1,100 kwa saa nzima, na lazima listahimili kina cha mita 6,000.

Hatua ya 4. Likiopolewa baharini halianikwi juani. Hutiwa ndani ya maji matamu na kusafirishwa humo humo. Mvuvi wa Mtongwe ataelewa mara moja: mashine ya boti ikitumbukia, huoshwa kwa maji matamu kabla haijakauka, la sivyo chumvi huila.

Hatua ya 5, kusoma. Mei 5, 2007, ndege ya Kenya Airways ilianguka kwenye mikoko karibu na Douala, Kamerun. Watu 114 walikufa. Ilikuwa usiku wa dhoruba, na mabaki yakamezwa na tope. Nani hangelaumu radi? Vinasa vikaonyesha mambo mengine: ndege ililalia kulia taratibu, rubani akidhani mtambo wa kujiendesha umeshika, kumbe haujashika. King'ora kilipolia alikwisha kupotewa na uelekeo gizani, akauzungusha usukani huku na huku, zaidi kulia kule kule. Nayasema kwa heshima ya marehemu. Familia zilistahili kuyajua, na marubani waliobaki walihitaji kuyajua.

MASWALI

Mwalimu, kikizama, mpiga mbizi anaweza kusikia mlio wake?
Hapana, ndugu yangu. Kisanduku hufungwa kidude cha betri ambacho kikizama hulia mara moja kila sekunde kwa kilohezi 37.5, na sikio la binadamu huishia kama 20. Huteremshwa chombo maalumu cha kusikilizia. Ndege ya Air France iliyoanguka Atlantiki Juni 2009, mlio wake ulinyamaza kabla haijapatikana. Vinasa vilitolewa Mei 2011, karibu mita 3,900 chini. Ndiyo maana betri za siku 30 zikaongezwa hadi 90.

Binti yangu anasomea urubani. Waajiri watakuwa wanasikiliza mazungumzo yake kila siku?
Usihofu, mama. Sauti hizo zinalindwa kwa kanuni za kimataifa. Wachunguzi wa ajali huzisikiliza faraghani, na kwenye ripoti huingia maneno yanayohusu ajali tu.

Nani alikibuni?
Wengi walijaribu, ila aliyeunganisha sauti na vipimo ni David Warren wa Melbourne, Australia, miaka ya 1950, baada ya ajali za ndege za Comet kuwashinda wataalamu. Babake alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1934, Warren akiwa na miaka 9. Zawadi ya mwisho aliyomwachia ilikuwa redio ndogo.