Sungura wako mdogo anaangusha chakula mdomoni? Anza na meno

Hapa Tabora sungura akigoma kula watu wanawaza minyoo, wanawaza joto, wanawaza labda watoto wamemlisha kitu, wanakimbilia agroveti kununua dawa ya minyoo na mdomo hakuna aliyeucheki. Kwa sungura mdogo, yani huyu wa miezi 2 mpaka mwaka hivi, naomba mdomo uwe wa kwanza, maana tatizo la meno ukiliwahi linatibika vizuri na ukilichelewesha linamuua kwa njaa huku chakula kipo mbele yake.

Kwanza ujue ana meno gani. Sungura ana meno 28. Ya mbele yako 6, kwa sababu nyuma ya yale mawili makubwa ya juu kuna vijino viwili vimejificha, alafu magego 22 huko ndani ambayo kwa macho yako hutayaona. Yote yanaota maisha yake yote, hayasimami, ya mbele yanaongezeka kama milimita 2 kila wiki, na kinachoyazuia yasizidi ni kusuguana yenyewe kwa yenyewe anapotafuna. Kwahiyo yakikutana vibaya, au akiwa hatafuni vya kutosha, ndani ya wiki chache tu ya chini yanatokeza nje na ya juu yanajikunja kuelekea ndani ya mdomo, na magego yanatoa ncha kali zinazochana ulimi na mashavu.

Dalili unazotakiwa kuziona mapema: anakuja kwenye chakula kwa hamu, anakinusa, anakiokota, alafu anakiangusha. Huyo ana njaa ila anaumia, na hapo ndo utamtofautisha na mgonjwa wa kawaida ambaye hata kusogea hasogei. Kidevu kinalowa mate, manyoya ya shingoni yanashikana, miguu ya mbele nayo inalowa kwa sababu anajifutia. Anaanza kuchagua vilaini anaacha majani magumu. Kinyesi kinakuwa kidogo kidogo na kichache. Jicho moja linatoa machozi muda wote, hili watu wanaliwekea dawa ya macho mpaka wanachoka, kumbe njia ya machozi inapita jirani kabisa na mizizi ya meno ya juu na jino likisukuma mzizi wake nyuma inabanwa. Na uzito unashuka. Nunua mizani ya jikoni, muweke kwenye beseni, mpime kila wiki uandike, maana manyoya yanaficha sana, unaweza kumuona mnene kumbe ukimshika ni mifupa mitupu.

Kumkagua fanya hivi. Mfunge kwenye taulo kichwa kibaki nje, mkalishe mapajani kwako, mgongo wake ukiegemea tumbo lako, mtu mwingine awe na tochi ya simu. Usimlaze chali, anaogopa mno na akirusha miguu ya nyuma kwa nguvu anaweza kuvunjika uti wa mgongo. Kwa kidole gumba na cha shahada nyanyua mdomo wa juu taratibu. Meno mazima yamenyooka, meupe au ya rangi ya maziwa, yamekatika kwa mshazari kama patasi, na ya juu yanakaa mbele kidogo ya yale ya chini. Ukikuta ya chini ndo yametangulia mbele, au yamepinda upande, au yanagusana ncha kwa ncha, hapo pana shida. Alafu pitisha kidole chini ya taya pande zote mbili, ukisikia vinundu au uvimbe ni mizizi inasukuma au kuna usaha, wala usisubiri. Magego ni kazi ya daktari na vifaa vyake, usiingize kidole wala kijiko huko ndani.

Sasa usimkate meno mwenyewe. Najua kuna watu wanatumia nelkata, wengine plaizi, na wanakwambia mbona alipona. Jino la sungura likibanwa linapasuka kwa urefu, ufa unaenda mpaka chini ya fizi, uchafu unaingia kwenye mzizi na miezi kadhaa baadae taya limejaa usaha, na usaha wa sungura ni mzito hautoki kirahisi kama wa mbuzi. Daktari mwenye vifaa anayasaga kwa mashine ndogo inayozunguka kwa kasi, meno ya mbele yanasagwa kwa muda mfupi na mara nyingi hata dawa ya usingizi hahitaji, ila magego lazima alazwe usingizi.

Kwahiyo mpigie kabla hujamsafirisha. Mwambie, shikamoo daktari, nina sungura wa miezi minne meno ya mbele yamezidi, umeshawahi kusaga meno ya sungura na unatumia kifaa gani? Akisema anakata na koleo, mshukuru tafuta mwingine. Bwana mifugo wetu wengi ni wazuri sana kwa ng'ombe na kuku ila sungura wanakutana nao mara chache, kuuliza sio dharau. Kama hapa mjini umekosa, Morogoro pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wanasomesha madaktari wa wanyama na wana hospitali yao, na treni ya reli ya kati inapita Morogoro. Muweke kwenye boksi lenye matundu mengi na majani mengi ndani, safiri wakati wa ubaridi. Na mtu akikwambia umfungishe asile usiku mzima kabla ya dawa ya usingizi, kataa kwa heshima. Sungura hatapiki, hana faida ya kufunga, na tumbo lake likikaa tupu linasimama, yani linaacha kusukuma chakula.

Hilo la tumbo kusimama ndo linaloua haraka kuliko jino lenyewe. Sungura asiyekula wala kutoa kinyesi kwa masaa 12 ni dharura. Wakati unatafuta daktari loweka pelleti zake, kile chakula cha dukani cha vidonge vidonge, kwenye maji ya uvuguvugu, ponda mpaka uji, vuta kwenye sirinji isiyo na sindano, ingiza pembeni ya mdomo pale kwenye pengo kati ya meno ya mbele na magego, toa kidogo sana, hata nusu mili, subiri atafune ameze ndo uongeze, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Ukisukuma kwa pupa inaingia kwenye mapafu. Kama tumbo limevimba na ni gumu usimlazimishe, huyo kimbia nae kwa daktari.

Na dawa za watu ziache kwenye kabati. Amoksilini na ampisilini za kunywa zinaua vijidudu vizuri vya tumboni mwake, anaharisha na kufa. Muulize daktari pia dawa ya maumivu, maana sungura anaeumia hali hata jino likishasagwa vizuri.

Baada ya hapo chakula, na hapa ndo nawaomba sana. Pumba ndo inaharibu meno ya sungura wetu wengi. Ni laini, anaimeza bila kutafuna, alafu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo na mifupa ya taya lake inayokua inalegea. Mkate mkavu hausaidii, kipande cha mti kinasaidia ya mbele tu, magego yanataka majani marefu yenye nyuzi ambayo anayasaga kushoto kulia masaa mengi. Robo tatu na zaidi ya chakula chake iwe majani, ukoka, mabingobingo machanga, na matembele kidogo juu yake. Tabora mvua ikielekea kuisha mwezi wa nne nyasi ziko tele, kata, anika kivulini zikauke vizuri zisiote ukungu, funga mafungu uweke stoo, maana ikifika mwezi wa nane wa tisa huko nje ni vumbi tupu na watu ndo wanarudi kwenye pumba. Usikate karibu na mashamba ya tumbaku, jani lenyewe ni sumu na dawa wanazopuliza zinatua kwenye nyasi za jirani. Majani ya nyanya, viazi mviringo na parachichi hapana.

Angalia na banda. Sungura anaeng'ata wavu na kuuvuta anapindisha meno yake ya mbele, mpe nafasi na kitu cha kutafuna. Na watoto wakae chini wakitaka kumbeba, akianguka jino linavunjika, na hata likiota tena, lile la upande wa pili linakuwa halina cha kusuguana nalo mpaka lisagwe.

Ila kama kazaliwa na taya fupi, wengi wao ni hawa wa aina ya maumbo madogo wenye uso wa duara, majani peke yake hayatanyoosha. Hao utawajua wakiwa na wiki 8 hivi, kwahiyo ukinunua nyanyua mdomo kabla hujatoa hela. Atahitaji kusagwa kila wiki 3 mpaka 6 maisha yake yote, au daktari ang'oe yale 6 ya mbele moja kwa moja, na kama magego yake ni mazima hilo la kung'oa ndo ningelichagua. Anaishi vizuri tu, anaokota chakula kwa midomo, wewe unamkatia majani vipande virefu kama kidole na karoti unaikwangua. Usimzalishe huyo, na ndugu zake wa tumbo moja wakague kila wiki mpaka wafikishe miezi 6.