Kujiandaa kujifungua wakati kuna kafyu na ugonjwa umeshika kila mahali

Kitu cha kwanza kupanga ni gari ya usiku. Nguo za mtoto zitapatikana tu. Uchungu unapenda kuja usiku, na 2020 hapa Kenya kafyu ya corona ilianza tarehe 27 Machi, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja asubuhi, matatu hakuna, boda wamejificha, na hata kama wa dharura aliruhusiwa kupita, mwenye gari alikuwa anaogopa polisi kuliko anavyokuhurumia wewe. Kwa hivyo tafuta watu watatu wenye gari, ongea nao ukiwa na miezi saba, ujue wanalala wapi, nani huzima simu usiku, mafuta ni ya nani. Pesa ya gari weka kando na usiiguse hata unga ukiisha.

Njiani mkikuta askari, washeni taa ya ndani, shusha kioo, kitabu cha kliniki kiwe mkononi. Sisi tulipita hivyo, askari alimulika tumbo tu, kitabu hata hakufungua.

Wakati huo Nairobi kuna daktari anaitwa Jemimah Kariuki alianzisha Wheels for Life, mama alikuwa anapiga 1195 bila malipo, anaongea na daktari, na ikionekana lazima aende alikuwa anatumiwa gari. Ugonjwa mwingine ukiingia, uliza sista wa kliniki mapema kama kaunti yenu ina mpango kama huo.

Kliniki usiache. Najua watu walikaa nyumbani wakiogopa corona, lakini presha haipimwi kwa simu, mkojo pia, na presha ya mimba inaua bila kelele. WHO, Shirika la Afya Duniani, inasema uende angalau mara 8 mpaka ujifungue. Ukiona foleni imejaa ndani kaa nje kwa hewa, vaa barakoa, omba vidonge vya kuongeza damu vya muda mrefu zaidi kama wanavyo. Halafu piga picha kila ukurasa wa kitabu chako, kwa sababu unaweza kuishia hospitali ingine kabisa, Desemba 2020 manesi na madaktari waligoma na kuna wamama walizungushwa huku na huku. Kuwa na hospitali ya pili kichwani.

Usingoje asubuhi ukiona damu, kichwa kinauma sana ama macho yanaona ukungu, uso na mikono imefura, homa, degedege, maji yamemwagika, ama mtoto amepunguza kucheza. Kafyu ama hakuna kafyu, toka.

Uliza mapema kama utaruhusiwa mtu wa kukaa na wewe leba, wadi nyingi zilikataa na hiyo kwangu ndiyo ilikuwa mbaya kuliko barakoa na sanitaiza zote. Wakikataa, beba chaja na simu iliyojaa. Na ukipatikana na corona hiyo si sababu ya kunyimwa mtoto, WHO walisema tangu mwanzo mama anaweza kunyonyesha na kumlaza mtoto kifuani, bora anawe mikono na avae barakoa. Wakitaka kumpeleka kando waulize kwa nini, mpaka wakueleze.

Nyumbani wageni wasalimie wakiwa mlangoni, zawadi watume na Mpesa hahaha. Chanjo ya BCG, ile ya kifua kikuu, na ya polio apewe kabla hamjatoka hospitali, maana kurudi tena ni gari ingine.