Jinsi ya kupaka ngozi nyeusi kwa rangi za maji ndani ya bustani ya kijani

Mwanafunzi wangu anaandaa maonyesho ya picha za Monticello, shamba la Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, kule Virginia. Picha zake za kwanza zilikuwa na maua ya kuvutia, ila watu walionekana kama vivuli vya miti. Hata mimi niliwahi kukwama hapo hapo.

1. Anza na mtu, maua baadaye. Bustani ya mboga ya Monticello ni ngazi ya ardhi yenye urefu wa futi 1,000, kama mita 300, iliyochongwa ubavuni mwa kilima na watu waliotiwa utumwani. Wormley Hughes, mtumwa aliyetunza bustani, ndiye aliyechimba kaburi la Jefferson mwaka 1826. Ukishajua hilo, sepetu mkononi mwake si pambo tena. Sisi tulimchora ametugeuzia mgongo. Sipendi kumbunia sura mtu aliyeishi kweli.

2. Karatasi iwe ya pamba tupu, ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Nyingine huchubuka ukipaka mkono wa tatu, yaani tabaka la tatu la rangi.

3. Penseli, kidogo tu.

4. Ngozi. Bomba la rangi nyeusi liweke mbali kabisa, maana linaua mwanga. Changanya siena iliyochomwa, rangi ya udongo ya kahawia-nyekundu, na buluu ya ultramarini: siena izidi panapopigwa na jua, buluu izidi kivulini.

Mkono wa kwanza uwe mwepesi. Pale begani panapong'aa usiache weupe wa karatasi. Pitisha buluu hafifu sana, kwa sababu ngozi nyeusi nje huakisi anga, kisha usipaguse tena. Subiri. Gusa karatasi kwa mgongo wa kiganja: ikiwa ya baridi, bado ina maji. Ukiharakisha, maji mapya yatasukuma rangi pembeni na kuacha madoa yenye kingo kama koliflawa. Mashine ya kukaushia nywele siitaki, inatawanya vidimbwi.

Mkono wa pili na wa tatu, kumbuka rangi hii hufifia ikikauka. Inayokutisha kwa weusi ikiwa mbichi, kesho utaiona imepauka. Mwanafunzi wangu alitaka kumaliza kwa mkono mmoja mzito. Shingo ikakauka na mabaka, tukaanza upya. Pitisha brashi mara moja, usisugue, la sivyo utaamsha rangi ya chini. Ultramarini pia huacha chembechembe: kwenye shati la kazi zinapendeza, shavuni zinafanana na vumbi. Mwisho, upande wa chini wa mkono wa Hughes tia kijani kidogo, kwani majani nayo huakisi.

5. Kijani cha bomba hapana. Changanya buluu, njano na tone la siena ile ile, mtu na bustani vishikamane. Udongo upewe okra, ile njano ya udongo, asije akamezwa na ardhi.

6. Kwa ukutani: rangi nyekundu ya alizarini hupauka kwa mwanga, badala yake tumia nyekundu ya kwinakridoni. Kioo kisiguse picha, na mwanga wa taa usizidi luksi (kipimo cha mwanga) 50 hivi.

7. Kibao cha maelezo. Mwanafunzi wangu aliandika "mtumishi wa bustani". Nikafuta, nikaandika: Wormley Hughes.