Kuandika maelezo ya zana ambayo wakala wa akili bandia hatayakosea

Hapa Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mtu akiagiza mzigo upelekwe Kenya, hakuna anayefikiria Nairobi, kwa kuwa kila mkazi anajua kwamba Kenya ni komini, yaani sehemu ya kiutawala, ya mji huu kama zilivyo Katuba, Kamalondo na Kampemba. Wakala wa akili bandia, yaani programu inayopokea ombi kwa lugha ya kawaida na kuchagua yenyewe zana (programu ndogo ya kazi fulani) ya kulitimiza, hajui hivyo mpaka aambiwe. Nilipomuunganisha wakala kwa mara ya kwanza na zana ya kuagiza unga, kigezo cha `mahali`, yaani nafasi ambayo wakala huijaza anapoiita zana, nilikuwa nimekieleza kwa maneno matatu tu, "mahali pa kupeleka", naye akaitafsiri Kenya kuwa nchi. Zana ilifanya kazi yake sawasawa. Maelezo yangu ndiyo yaliyompoteza.

Kabla ya kuandika lolote, fahamu wakala anaona nini. Kwa kawaida hasomi msimbo wa zana. Anapewa jina lake, maelezo yake, na orodha ya vigezo pamoja na aina zake, mara nyingi katika JSON, muundo wa maandishi wa kupanga data. Itifaki ya MCP, yaani kanuni za kuwaunganisha mawakala na zana, ambayo Anthropic iliitangaza Novemba 2024, nayo hueleza zana kwa njia hiyo. Msanidi programu akikwama humuuliza mwenzake aliye meza ya pili, lakini wakala mara nyingi hujaza pengo kwa kukisia, na kisio lake huonekana sawa kabisa na jibu la hakika.

Jina la zana liwe tendo na kitu kinachotendwa, kama `agiza_unga`. Jina kama `shughulikia_data` halisaidii.

Katika maelezo yenyewe, sema kwanza zana inafanya nini, kisha itumike wakati gani, na hasa isitumike wakati gani, maana sehemu hii ya mwisho ndiyo wengi wetu huisahau. Mfano wa maelezo yanayotosha ni huu: "Huandikisha oda mpya ya unga na kuituma bohari papo hapo. Usiitumie kuuliza bei. Kwa bei tumia `angalia_bei`. Iite tu baada ya mteja kuthibitisha idadi ya magunia."

Vigezo ndivyo vinavyodai subira kubwa zaidi, kwa sababu humo ndimo tunamoficha, bila kukusudia, mambo tunayoyajua kwa kuishi hapa. Kuandika kwamba `bei` ni namba hakutoshi katika mji ambao watu hununua kwa faranga na kwa dola: ongeza kigezo cha `sarafu`, na ukiwekee mipaka ya CDF na USD ili thamani nyingine ikataliwe. `Kiasi` nacho kiseme kama ni kilo au ni magunia ya kilo 25. Kuhusu muda, mteja anayeandika kwa Kiswahili "saa mbili asubuhi" anakusudia 08:00, tena saa ya Lubumbashi imeitangulia ya Kinshasa kwa saa moja; kwa hiyo eleza ugeuzaji huo waziwazi, na udai muda uandikwe pamoja na tofauti yake na saa ya dunia (UTC), kwa mfano 2025-03-14T08:00+02:00. Kwa kigezo cha `komini`, kinachochukua nafasi ya `mahali`, orodhesha majina yote yanayokubalika na useme kwamba Kenya iliyo humo ni komini ya Lubumbashi.

Jambo jingine ni kurudia. Umeme ukikatika na mtandao ukapotea kabla jibu halijafika, wakala anaweza kuituma oda ileile tena, na mteja akaletewa magunia mara mbili. Andika kama ni salama kuiita zana mara ya pili. Kama si salama, mwelekeze wakala aite kwanza `tafuta_oda` kwa namba ya ombi.

Ujumbe wa kosa pia ni sehemu ya maelezo, kwani wakala huusoma ili aamue hatua inayofuata. "Kosa 400" humwacha gizani, ilhali "Komini Katumba haitambuliki; chagua jina kutoka kwenye orodha, au muulize mteja" humpa njia ya kujirekebisha.

Ukimaliza, mpe maelezo hayo mwenzako ambaye hajawahi kuuona msimbo, umwombe ajaze vigezo kwa mkono. Kisha mjaribu wakala kwa maombi yaliyoandikwa jinsi wateja wanavyoandika, Kiswahili na Kifaransa vikiwa vimechanganyika katika sentensi moja. Kila anapokosea, soma kwanza maelezo kabla ya kuugusa msimbo. Mimi maelezo yangu nayaweka katika faili moja na msimbo wa zana, na sipokei badiliko la kigezo chochote ambalo halikuja pamoja na badiliko la maelezo yake.