Somo: Kubadili vipimo vya vikombe na vijiko kuwa gramu

Swali la "kikombe kimoja ni gramu ngapi?" halina jibu mpaka kiungo kitajwe. Kikombe hupima nafasi tu, na nafasi ile ile ikijazwa asali huwa na uzito unaokaribia mara tatu ya ule wa unga wa ngano.

Hatua ya 1. Tambua kikombe alichokusudia mwandishi wa pishi. Cha Marekani ni takriban mililita 237, cha Australia 250, cha Japani 200. Kijiko cha chai ni mililita 5 na cha chakula ni 15, isipokuwa Australia ambako cha chakula ni 20.

Hatua ya 2. Kwa vimiminika, zidisha ujazo kwa densiti, yaani uzito wa mililita moja. Maji ni gramu 1, maziwa 1.03, mafuta ya kupikia 0.92 na asali 1.42. Hivyo mililita 150 za mafuta ni 150 × 0.92, sawa na gramu 138.

Hatua ya 3. Viungo vikavu vinahitaji uangalifu zaidi, hasa unga, kwa sababu hubeba hewa kati ya chembe zake. Ukiukoroga kwanza, ukaujaza kikombeni kwa kijiko bila kuushindilia, kisha ukasawazisha juu kwa mgongo wa kisu, kikombe cha Marekani hubeba takriban gramu 120. Ukizamisha kikombe hicho hicho ndani ya mfuko na kuchota, utapata 140 au hata zaidi. Katika pishi la vikombe vinne, tofauti hiyo hufika gramu 80, nayo inatosha kabisa kuifanya keki iwe kavu na nzito. Sukari nyeupe haina usumbufu huo: kikombe ni takriban gramu 200 hata ukiijaza vipi. Siagi ni gramu 227.

Hatua ya 4. Hakiki kwa mizani yako. Weka kikombe kitupu juu yake, rudisha usomaji kwenye sifuri, jaza kama ulivyozoea, soma. Rudia mara tatu na utafute wastani, kisha uandike jibu kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mlango wa kabati. Mimi huiamini karatasi ya namna hiyo kuliko jedwali lolote, maana imetokana na unga wako na mkono wako.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, je, hata chumvi na hamira nizipime kwa gramu?

Jibu: Mizani nyingi za jikoni husoma gramu nzima tu, kwa hiyo "3" inayoonekana inaweza kuwa 2.5 au 3.4. Kwa viwango vidogo hivyo, endelea kutumia kijiko. Angalia tu aina ya chumvi: kijiko cha chai cha chumvi laini ni takriban gramu 6, lakini cha chumvi ya chenga kubwa huwa chepesi zaidi, na chakula kitapungukiwa chumvi.

Swali: Unga uchekechwe kabla au baada ya kupimwa?

Jibu: Kwa kikombe, fuata utaratibu wa pishi lenyewe, kwa kuwa unga uliochekechwa huongezeka ujazo na kikombe hubeba gramu chache kuliko kawaida. Kwa mizani, chekecha wakati wowote, uzito haubadiliki.

Swali: Pishi langu linataka aunsi 8 za asali. Nipime gramu 227?

Jibu: Inategemea, ndugu. Aunsi ya uzito ni gramu 28.35, hivyo 8 ni gramu 227. Aunsi ya ujazo ya Marekani ni takriban mililita 29.6, na 8 hujaza kikombe kimoja, ambacho kwa asali ni takriban gramu 336. Ikiwa viungo vingine vya pishi hilo vimetajwa kwa vikombe, yaelekea mwandishi alikusudia ujazo.