Nionyeshe chupa: namna ninavyoandika pombe, sigara na chumvi za watu wa Katuba

Nilipoanza kazi ya reko, yaani mhudumu wa afya wa mtaani, hapa Katuba, Lubumbashi, nilipita mlango kwa mlango na swali moja: "Baba, unakunywa sana?" Jibu lilikuwa lile lile kila nyumba: "Mi nakunywaka kidogo tu, mama." Nikajaza ukurasa mzima wa "kidogo". Kwenye kituo cha afya muuguzi akaniuliza kidogo hicho ni kiasi gani, nikakosa la kusema. Tangu hapo naomba kuonyeshwa chupa.

Ukitumwa kuandika mazoea ya watu wazima, au ukitaka kufuatilia ya nyumba yako, shika hilo kwanza: uliza kitu chenyewe, chombo chake, na siku yake. Usiulize "kwa kawaida". Anza na jana, kisha juzi, rudi nyuma mpaka zitimie siku saba. Mtu anakumbuka kwamba Jumamosi kulikuwa na matanga na Jumapili alitoka kanisani akapitia kwa shemeji. "Kawaida" hakuna anayeikumbuka.

Zungumza na mtu akiwa peke yake. Baba hasemi ukweli wa pombe mbele ya mama, na kijana hasemi ukweli wa sigara mbele ya yeyote. Kwenye kayé, daftari langu, mimi naandika namba ya nyumba niliyojitungia, umri na mwezi. Jina haliingii.

Pombe ndiyo yenye hesabu ndefu. Shirika la Afya Duniani linahesabu kipimo kimoja kuwa gramu 10 za alkoholi tupu. Chukua chupa kubwa ya bia ya sentilita 72 yenye asilimia 5: ndani yake mna mililita 36 za alkoholi, uzito wake gramu 28 hivi. Ni karibu vipimo vitatu kwenye chupa moja. Yule anayesema "chupa mbili tu" amekaribia gramu 60, na gramu 60 kwa kikao kimoja ndipo Shirika hilo linapoanza kuhesabu unywaji mzito wa mkupuo. Kwa hiyo soma karatasi ya chupa, andika sentilita na asilimia. Neno "chupa" peke yake halitoshi, maana kuna ndogo na kubwa.

Lutuku, pombe kali inayopikwa nyumbani, haina karatasi. Hapo namwomba mtu anipe glasi anayoinywea, atie maji mpaka pale anapojazaga, kisha nayamimina kwenye chupa ya mtoto ya kunyonyea yenye mistari ya mililita. Naandika "lutuku, mililita 120, mara mbili". Siigeuzi kuwa gramu, kwa sababu nguvu yake inatofautiana kwa kila anayeipika, na namba ya kubuni inaharibu zile za kweli. Munkoyo, kinywaji cha mahindi, nayo nauliza ni ya siku ya ngapi: iliyotengenezwa jana ni kinywaji cha watoto, iliyolala siku kadhaa imeshachachuka.

Jambo moja lilinichukua muda kulielewa. Ukipita katikati ya mwezi utaandika mtaa wa watu wasiokunywa. Pita tena mshahara ukishatoka. Nyumba zile zile, kurasa mbili tofauti kabisa, na zote mbili ni za kweli.

Sigara usiiulize kwa paketi, watu wengi wananunua moja moja. Uliza jana ilivutwa ngapi, na ya kwanza ilivutwa dakika ngapi baada ya kuamka. Anayeitafuta ndani ya dakika tano ameshikwa zaidi kuliko anayekumbuka saa sita mchana, hata kama idadi ya sigara kwa siku ni sawa. Tumbaku ya kunusa iulizie peke yake: bibi atakuambia kwa moyo mweupe kwamba havuti, na kweli havuti.

Sigara ya umeme haihesabiki kwa vipande. Nauliza kichupa cha maji yake ni cha mililita ngapi, kina nikotini kiasi gani, na kinaisha kwa siku ngapi. Cha mililita 10 chenye miligramu 20 kwa kila mililita kina miligramu 200; kikiisha kwa siku tano, ni 40 kwa siku. Mwili hauzichukui zote, lakini mwezi ujao utaona kama zimepanda.

Sasa chakula. Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, alipimwa presha, ikatoka 160 kwa 100. Nikamuuliza habari ya chumvi, akasema, "Chumvi mi siipendake." Hakudanganya. Kwake chumvi ni ile inayonyunyizwa mezani. Nikaacha neno chumvi, tukatembea pamoja katika siku yake tangu alfajiri: chai na vitumbula, mchana bukari (ugali) na bitoyo, samaki wa chumvi, jioni michopo, nyama ya kuchoma, yenye pilipili na chumvi kando. Mboga ya lengalenga ilipikwa na vidonge viwili vya mchuzi.

Kisha nikamuuliza shemeji paketi ya chumvi ya gramu 500 inakaa siku ngapi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, kijiko kimoja cha chai. Wao ni watu wazima sita: gramu 30 kwa siku, paketi ingekaa zaidi ya siku kumi na sita. Kwao inakaa tisa, na hapo samaki wala vidonge havijahesabiwa. Mboga na matunda vinatakiwa gramu 400 kwa siku. Andika mwezi, maana ukipita wakati wa maembe kila mtu anakula matunda.

Mwisho wa kila mazungumzo nasoma ukurasa kwa sauti, polepole, mwenyewe akisikia. Yaya alinisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mkono akaomba biki, kalamu yangu. Alikata mahali nilipoandika bitoyo mara tatu kwa wiki, akaandika tano.